Neno "Nubi": Safari ya Jina Kutoka Mto Nile hadi Koboko

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza insha ya ukurasa mmoja yenye kichwa "Ukoo Wetu". Nilitaka kupima matumizi ya vivumishi vya kumiliki na majina ya ujamaa, basi. Mwanafunzi mmoja kutoka Koboko aliandika hivi: "Babu yangu mzaa baba alikuwa Mkakwa. Bibi yangu ni Mnubi. Sisi wajukuu ni Wanubi." Nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye neno "Mnubi" niliongeza herufi moja likawa "Mnubia". Pembeni nikaandika: "Unajipinga. Mtu hurithi kabila la baba."

Siku ya kurudisha insha, mwanafunzi huyo alingoja wenzake watoke, akaja mezani kwangu. "Shikamoo, mwalimu. Samahani. Mnubia ni mtu wa Misri. Bibi yangu ni mtu wa Koboko." Nilimwambia kwamba tutalizungumza siku nyingine. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi ni Mlugbara, nimezaliwa na kuishi katika eneo hili ambalo neno "Nubi" husikika kila siku sokoni, msikitini na kwenye kituo cha teksi, na bado nilikuwa nimelisahihisha bila kulijua. Makala hii ni jibu ambalo nilichelewa kumpa. Nimeona niiandike kwa ajili ya sisi sote, kwa kuwa kosa nililofanya si la tahajia tu.

Jina moja, watu watatu

Ikumbukwe kwamba neno hili lina umri mkubwa kuliko lugha nyingi tunazozungumza leo. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes aliwataja watu walioitwa Noubai, waliokaa upande wa magharibi wa mto Nile na ambao hawakuwa chini ya ufalme wa Meroe. Habari hiyo imetufikia kupitia kwa Strabo, aliyeinukuu katika kitabu chake cha jiografia. Katika karne ya nne baada ya Kristo, mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi ambayo leo ni Ethiopia, aliacha maandishi kwenye jiwe akijisifu kwamba aliwapiga vita Wanoba. Kisha zikaja falme za Kikristo za Nobadia, Makuria na Alodia, na Waarabu walipofika Misri wakaziita nchi hizo zote za kusini ya Aswan kwa jina la Nuba. Mtu wa huko akawa Nubi. Hiyo -i ya mwisho ni kiambishi cha Kiarabu kinachomaanisha "wa kutoka", kile kile tunachokiona katika maneno Omani na Shirazi.

Je, mzizi wenyewe una maana gani? Maelezo yanayopendwa sana ni kwamba unatokana na neno la Kimisri cha kale, nebu, yaani dhahabu, kwa sababu dhahabu ya Mafirauni ilitoka huko kusini. Maelezo hayo yanavutia na yanaweza kuwa kweli, lakini wataalamu hawakubaliani. Wamisri wenyewe waliiita nchi hiyo kwa majina mengine, kama Ta-Seti na Kush. Kwa hiyo mwalimu anayesimama darasani na kutangaza kwamba "Nubi maana yake ni dhahabu" anachagua dhana moja na kuifanya ukweli.

Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba leo neno hili, au ndugu zake wa karibu, linataja makundi matatu yasiyopaswa kuchanganywa. Kundi la kwanza ni Wanubia wa mto Nile, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Miongoni mwa lugha zao ni Kinobiin, iliyo katika familia ya Nilo-Sahara. Kundi la pili ni Wanuba wa milima ya Kordofan nchini Sudan. Hao ni watu wa makabila mengi, wenye lugha nyingi ambazo baadhi yake hazina udugu wa karibu, na jina la pamoja walipewa na watu wa nje. Kundi la tatu ni Wanubi wa Afrika Mashariki: wa Arua, Koboko, Bombo na Kibra. Hawa ndio watu wa bibi yake mwanafunzi wangu. Lugha yao, Kinubi, haina udugu na Kinobiin. Mnubi wa Koboko na Mnubia wa Aswan wakikutana, kila mmoja akasema kwa lugha ya nyumbani, hawataelewana. Kwa hiyo herufi yangu moja ya rangi nyekundu ilimhamisha bibi wa watu hadi Misri.

Kambi ya askari

Jina lilifikaje huku kwetu? Hapa hatuna budi kuingia katika historia isiyopendeza. Tangu mapatano ya mwaka 652 kati ya Misri ya Kiislamu na Makuria, ambayo waandishi wa Kiarabu wanasema yaliwadai Wanubia kupeleka watumwa 360 kila mwaka, jina la Nuba lilifungamanishwa na biashara ya watu. Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliivamia Sudan. Moja ya nia zake kubwa ilikuwa kupata vijana wa kuwaingiza katika jeshi lake jipya. Waliotekwa walipelekwa Aswan kufundishwa kazi ya bunduki. Baadaye njia ya Nile Nyeupe ilipofunguliwa, wafanyabiashara wa Khartoum wakajenga maboma yao ya pembe na watumwa hadi nchi za Wabari, Wamoru, Wamadi na jirani zao.

Misri ilifuata. Samuel Baker alifika Gondokoro mwaka 1871, akatangaza jimbo la Ekwatoria. Charles Gordon akamfuata mwaka 1874. Mwaka 1878 jimbo likakabidhiwa daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana kama Emin Pasha. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi mwezi Januari 1885, Emin alikatiwa njia ya kaskazini. Alirudi nyuma na askari wake hadi Wadelai, kando ya Nile, ndani ya eneo tunaloliita leo West Nile. Stanley alikuja kumchukua, na mwaka 1889 wakaondoka kuelekea pwani. Sehemu kubwa ya askari walibaki. Wengi wao wakawa chini ya afisa aliyeitwa Salim Bey, wakapiga kambi Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert.

Mwezi Septemba 1891 nahodha Frederick Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Kavalli akawaandikisha. Waliomfuata walikuwa askari mia kadhaa, na pamoja nao maelfu ya wanawake, watoto na watumishi. Watu hao ndio waliokuwa mhimili wa jeshi la Waingereza Uganda, na baadaye wa kikosi cha King's African Rifles kilichoundwa mwaka 1902. Utii wao haukukosa mipaka. Mwaka 1897 sehemu yao waliasi kwa sababu ya mishahara midogo na safari zisizokwisha.

Sasa tuulize swali la msingi: watu hawa walikuwa nani kwa asili? Walikuwa Wadinka, Washiluki, Wabari, Wamoru, Wamakaraka, na pia Wakakwa, Walugbara, Wamadi na Waaluri. Waliotoka katika nchi ya Nubia yenyewe walikuwa wachache. Waingereza katika maandishi yao waliwaita Wasudani. Lakini huku Afrika Mashariki jina lililoshika ni Nubi. Kwa maneno mengine, jina la nchi ya mbali lilibandikwa juu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona. Na baadhi ya waliobandikwa jina hilo walikuwa babu zetu, watu wa milima na mabonde haya haya.

Arua yenyewe ni mtoto wa historia hiyo. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo ndani yake mlikuwa na nchi yetu. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 eneo likarudishwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akajenga makao yake Arua. Kama ilivyokuwa katika vituo vingi vya serikali wakati ule, pembeni ya boma walikaa askari na familia zao, wafanyabiashara na mafundi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kinubi, na dini ilikuwa Uislamu.

Lugha iliyozaliwa kambini

Kwa walimu wa Kiswahili sehemu hii ina utamu wake. Kinubi ni krioli. Askari wa makabila mbalimbali walihitaji lugha moja ya amri na ya mapatano, wakaitwaa Kiarabu cha kambi na kukirahisisha. Watoto waliozaliwa kambini wakakikuta, wakakifanya lugha ya mama. Sehemu kubwa sana ya msamiati wake ni ya Kiarabu, lakini sarufi ni nyingine. Wanaisimu wameiandikia vitabu vizima. Bernd Heine alichunguza Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens akatoa kazi yake juu ya Kinubi cha Uganda mwaka 2005.

Tazama kitenzi rua, "kwenda". Ana rua ni "nilikwenda". Ana gi-rua ni "ninakwenda". Ana bi-rua ni "nitakwenda". Badilisha nafsi: ita gi-rua, "unakwenda"; umon gi-rua, "wanakwenda". Kitenzi hakiguswi, kinachobadilika ni kiwakilishi na kiambishi cha wakati. Mwanafunzi wetu wa Koboko anayelalamika kwamba viambishi vya Kiswahili ni vigumu, ilhali kwao anasema gi- na bi- bila kufikiri, tayari ana ngazi ya kupandia. Ni juu yetu kuitumia.

Tazama pia hesabu. Mama anayeuza samaki wakavu huko Koboko huhesabu hivi: wai, tinen, talata, arba, hamsa, sita, saba, tamanya, tisa, ashara. Msikilize Mswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Sita, saba na tisa ni zile zile. Je, Mnubi aliziazima kwa Mswahili, au Mswahili kwa Mnubi? Jibu ni kwamba hapana aliyemwazima mwenzake. Maneno hayo yalitoka nyumba moja, Kiarabu, yakasafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya bahari, kwa jahazi, hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Ya pili ilikuwa ya mto, kwa mashua na kwa miguu, hadi Wadelai na Koboko. Yakakutana tena Uganda, kama watoto wa baba mmoja waliolelewa na mama tofauti.

Lakini si kila mfanano ni udugu. Mnubi akisema moyo, anaomba maji. Mswahili akisikia, anafikiria kifuani. Mnubi akisema mutu, anazungumzia kufa. Mswahili anageuka kumtafuta mtu. Na hapa West Nile tuna mji uitwao Moyo. Mtu hodari wa kutunga anaweza kukupa hadithi mbili nzuri: kwamba mji huo ni "moyo" wa nchi, au kwamba ni mahali pa maji. Maneno kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Kanuni hii tunaifundisha darasani kila mwaka, lakini inapofika kwenye majina ya watu huwa tunaisahau.

Mlango wa kuingilia

Nirudi kwenye kosa langu la pili, lile la pembeni: "Mtu hurithi kabila la baba." Kanuni hiyo inaweza kuwafaa Wakakwa na Walugbara wengi. Kwa Wanubi haitoshi. Tangu mwanzo Unubi ulikuwa mlango ambao mtu aliweza kuuingia. Mkakwa aliyesilimu, akahamia mjini, akaoa au kuolewa katika nyumba ya Wanubi, akazungumza Kinubi na watoto wake, mke akavaa gurbaba na kupika kisira, huyo baada ya muda aliitwa Mnubi, na watoto wake hawakuitwa kitu kingine. Alikoanzia hapakusahauliwa. Familia nyingi za Kinubi zinajua vizuri kwamba babu alikuwa Mbari, Mkakwa au Mlugbara, na hulitaja hilo kwenye harusi na misiba.

Mwanazuoni Omari Kokole aliandika makala mwaka 1985 akiuliza swali hili moja kwa moja: Wanubi wa Afrika Mashariki ni klabu ya Waislamu au ni kabila la Kiafrika? Kabla yake, mwaka 1975, Aidan Southall naye alikuwa ameonyesha jinsi Unubi ulivyokuwa ukipokea watu wapya. Kwa maoni yangu swali la Kokole lina thamani kubwa kwa sababu linatulazimisha kukiri kwamba hata makabila yetu "halisi" yana milango. Wakakwa leo wako katika nchi tatu: Koboko huku Uganda, Yei huko Sudan Kusini, na upande wa pili wa mpaka nchini Kongo. Ni nani kati yetu atakayesimama aseme kwamba hakuna jirani aliyewahi kupokelewa katika ukoo wake? Tofauti ni kwamba mlango wa Unubi ulikuwa wazi mchana, kila mtu akauona.

Basi mwanafunzi wangu hakuwa amejipinga. Babu Mkakwa, bibi Mnubi, wajukuu Wanubi: hiyo ni historia ya Koboko katika mistari mitatu.

Jina likawa mashtaka

Mwaka 1971, tarehe 25 Januari, Idi Amin alitwaa serikali. Alikuwa mtoto wa Kikakwa kwa baba, na ukoo wake unahusishwa na Koboko. Katika utawala wake Wanubi, Wakakwa na askari kutoka kusini mwa Sudan walipewa nafasi kubwa jeshini na katika usalama. Wananchi wengi wa Uganda waliuawa katika miaka ile minane, na haifai tulifiche hilo kwa kuwa waliotenda walikuwamo watu wa kwetu. Huko Buganda na Busoga, neno "Nubi" likabadilika maana. Likawa na maana ya mtu mwenye bunduki, mtu wa kuogopwa. Halafu likapanuka zaidi, likamfunika kila mtu wa West Nile, awe Mwislamu au Mkristo, askari au mkulima wa muhogo.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kufikia Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka wakashambulia West Nile. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi lilijilipizia kwa raia. Mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci karibu na mji wa Arua, askari waliwaua makumi ya raia waliokuwa wamejificha humo. Waliokufa pale walikuwa mchanganyiko. Neno lililokuwa jina la kambi ya askari wa karne ya kumi na tisa lilikuwa limetosha kuwa hukumu kwa mtu aliyekuwa hajawahi kushika hata rungu.

Nilikuwa mtoto mchanga familia yetu ilipovuka kwenda upande wa Aru, Zaire. Ninayoyajua nilisimuliwa. Marehemu mama alikuwa akifanya biashara ndogo ya nguo, na Kinubi alikijua vizuri kwa sababu ya soko. Alisema kwamba njiani waliambizana wasitamke neno hata moja la lugha hiyo, na Kiswahili pia wakiepuke, kwa maana vizuizini lugha zote mbili zilihesabiwa kuwa za askari. Baada ya kurudi ilimchukua miaka kuhesabu tena wai, tinen mbele ya watu asiowajua.

Hapo ndipo historia ya Kinubi na historia ya somo letu zinapoungana. Ndugu msomaji, unajua kwamba Waganda wengi walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwanza kutoka kwa askari na majambazi. Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikukisaidia. Kiswahili na Kinubi vilihukumiwa kwa kosa moja: waliovitumia kwa ubaya walikuwa wamevaa sare.

Kutoka mashtaka hadi sheria

Neno halikufia hapo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika jedwali lake la tatu, inaorodhesha jamii asilia zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wakakwa wamo, Walugbara wamo, na Wanubi wamo, kila jamii peke yake. Jina walilopewa na wengine, wakalikubali wenyewe, likageuzwa tusi, sasa lilikuwa limeandikwa katika sheria kuu ya nchi. Mwaka 2005 katiba hiyo ilirekebishwa, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka huo huo Koboko ilitengwa na Arua ikawa wilaya yake yenyewe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Huko Kenya safari ilikuwa ndefu zaidi. Wanubi waliopewa kukaa Kibra, jina ambalo kwa Kinubi ni "msitu", waliishi miongo mingi wakihesabiwa kama wageni na kupata vitambulisho kwa taabu. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika. Mwaka 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibra, wakati eneo lililotengwa mwaka 1918 lilikuwa na ekari zaidi ya 4,000. Kwa hiyo swali la "Mnubi ni nani?" si la kamusi pekee. Jibu lake linaamua nani apate kitambulisho na nani abaki na ardhi.

Ndugu yake, Mswahili

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, kulikuwa na mjadala usiokwisha bwenini: Mswahili ni nani? Wenzangu wengi walikuwa hawana lugha nyingine wanayoiota usiku ila Kiswahili, lakini ukimwuliza mmoja wao "Wewe ni Mswahili?" alicheka, akasema "Mimi Mzigua" au "Mimi Mnyamwezi". Neno lenyewe linatokana na Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Ni jina la mahali, lililotolewa na mgeni, likavaliwa na watu wa asili nyingi waliounganishwa na lugha, dini na maisha ya mjini. Nalo pia limepanda na kushuka: kuna mahali ni heshima, na kuna mahali "uswahili" ni maneno mengi na ujanja wa mtaani.

Nilikaa katika mjadala huo miaka miwili nikitikisa kichwa kama mtaalamu. Sikuwahi kugundua kwamba swali lile lile lilikuwa limeachwa nyumbani Arua likinisubiri. Mswahili na Mnubi ni majina ya ukoo mmoja: yote ni ya Kiarabu, yote yalitolewa na wengine, yote yaligeuka mlango, na yote hayawezi kuelezwa kwa kuchimba mzizi peke yake. Ukichimba "Mswahili" utapata ufuo. Ukichimba "Mnubi" pengine utapata dhahabu, pengine hutaipata. Huko chini hutamkuta bibi wa Koboko akiwa ameketi barazani na wajukuu wake.

Kwa sisi walimu

Nina mambo matatu ya kupendekeza. Kwanza, tutenganishe asili ya neno na maana yake. Asili ni mahali neno lilipotoka. Maana ni kazi ambayo watu wanaifanya nalo leo. Pili, tusiwasahihishe wanafunzi majina yao. Kiswahili tayari kimempa Mnubi nafasi katika ngeli ya watu: Mnubi, Wanubi, lugha yao Kinubi, na hali yao Unubi. Wa mto Nile ni Mnubia, wa Kordofan ni Mnuba. Irabu hiyo ya mwisho tuilinde. Tatu, tukitumie Kinubi. Darasa la Arua au Koboko lenye watoto wanaokijua lina utajiri ambao darasa la Kampala halina. Tuwaombe wahesabu, tuwaulize moyo ni nini kwao, tuwaonyeshe zile njia mbili za Kiarabu. Mtoto anayeona lugha ya bibi yake ubaoni hataiona lugha yetu kuwa ya vizuizini.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwanafunzi wangu aniletee tena insha yake. Nilikata ile -a niliyoiongeza, na ile sentensi ya pembeni nikaifuta. Alama nilimwongezea mbili. Akaitazama karatasi, akauliza kama anaweza kwenda kumwonyesha bibi. Nilimwambia ampeleke na salamu zangu, na amwambie kwamba mwalimu amesahihishwa.